Soksi Kumi na Moja za Jeshi la Nyuki

Mjomba wangu alikunja mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kutoka getini na hata leso isiyo yake. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu ndilo watu wasilopenda kulisikia. Wanapenda ile hadithi nyingine, ya mashuka arobaini.

Basi niwape kwanza hiyo wanayoipenda. Mwaka mmoja yaliletwa mashuka mapya, na siku ya kuyahesabu yakapungua arobaini. Aliyekuwa ametia saini ya kuyapokea ni mjomba. Barua ya kumsimamisha kazi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo, pale penye njia ya kwenda kantini, ili kila mwenye macho asome na asiye na macho asomewe. Miezi mitatu baadaye mashuka yakapatikana: dereva aliyashusha hospitali nyingine, kwa uzembe wake mwenyewe, na yalikuwa bado na kamba zake. Mjomba akarudishwa kazini. Ila barua ya kumrudisha haikubandikwa popote. Alipewa mkononi, ndani ya bahasha, na karani wa utumishi ambaye hata kwenye kiti hakuinuka.

Kuanzia hapo akaitwa Mashuka. Manesi wakimwona anakuja na kitoroli chake walikuwa wanasogeza mikoba yao, halafu wanamsalimia kwa heshima zote: "Shikamoo mzee." Naye anaitikia marahaba, anachukua nguo chafu, anaondoka. Mimi ningewatukana. Yeye alisema jina ni kama shuka jeupe, likishaingia doa na ukakimbilia maji ya moto, ndiyo umeligandisha.

Alikuwa anajua anachosema, maana ndilo somo la kwanza alilonifundisha. Mama yangu, dada yake, alipofariki, nilihamia kwake katika vyumba vyake viwili. Baadaye akaniombea kazi palepale kufulia. Damu ni maji baridi, akaniambia. Dawa ya kung'arisha usiivute puani. Shuka lililochanika hulitafuti kwa macho, unapitisha vidole tu kwenye rundo, vyenyewe vitasimama. Niliona ni maringo ya wazee mpaka nilipomshuhudia akichomoa shuka moja kati ya hamsini huku anapiga soga, na kweli lilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mchele.

Kadi ya kwanza aliipata kazini. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati la mgonjwa, imeshapita kwenye mashine na kupauka, lakini mchoro ulionekana: nyuki mdogo amebeba ndoo mbili. Akaikausha, akapanda nayo wodini kumtafuta mwenyewe, mgonjwa wa kitanda cha kumi na nne. Akakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Kwa wanaofanya kazi hospitali hilo halihitaji maelezo. Akashuka na kadi yake mfukoni, na siku hiyo hakupiga soga.

Jumamosi iliyofuata akaingia nayo kwenye duka la madaftari lililo nyuma ya posta, kuuliza ni kitu gani. Mwenye duka, mama mmoja mnene asiyevua miwani hata akilala, akamwonyesha chumba cha nyuma. Kulikuwa na meza sita na watu wazima wamekaa wawili wawili, wamenuna juu ya kadi. Ni mchezo. Kadi zinauzwa kwenye pakiti zilizofungwa na hujui ndani mna nini, ndiyo utamu na ndiyo hasara yake. Kila mchezaji anapanga kadi sitini anazoona zitasaidiana, na hizo sitini ndizo wenyewe wanaziita jeshi. Wapo wenye jeshi la majoka yanayong'aa, kwa bei ya kadi moja unajinunulia nguo na kubaki na chenji. Nyuki anatoka karibu kila pakiti. Hana nguvu, hana bei, watu wanamwacha mezani au wanamtumia kupanguzia wino.

Mjomba akawa anaokota. "Hizi hamzitaki?" anauliza. "Chukua tu, mzee." Akazipanga nyumbani juu ya kitanda, akanunua kitabu cha sheria za mchezo, akakisoma kwa miwani ya kuazima. Niliona sasa mzee ameanza kurudi utotoni.

"Mjomba, si ununue hata joka moja? Watakuheshimu."

"Mama, joka moja linakula jeshi zima." Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Soma hapa. Nyuki mmoja anapiga moja. Ukiweka Mzinga mezani, kila nyuki anapiga kwa idadi ya wenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na huyu aliyepauka?"

"Huyo ndiye mwenye jeshi."

Ilimchukua miaka miwili kulikamilisha. Alikuwa na kanuni yake, kwamba kadi isiyomfaa nyuki haiingii, hata ikiwa nzuri namna gani. Moto ulitoka, kwa sababu nyuki na moto wapi na wapi. Upanga ulitoka. Yalibaki maua ishirini na mawili, maana bila maua nyuki hawapati nguvu ya kuingia mezani. Nyuki ishirini na saba wa aina saba. Na kadi kumi na moja ambazo ndizo roho ya jeshi: Mizinga minne, Asali nne, na Malkia watatu. Malkia walimtesa. Katika maisha yake alinunua pakiti moja tu, siku aliyopata posho kidogo ya likizo, na humo, wallahi, akapata joka linalong'aa. Chumba kizima kikasimama. Akalibadilisha palepale kwa Malkia watatu.

"Mzee, umetoa ng'ombe umechukua kuku!" mmoja akamcheka.

"Kuku wanataga," akajibu, na akawatia Malkia wake mfukoni.

Pale dukani hakuwa Mashuka. Walimwita Mzee Nyuki. Mtu akienda msalani alikuwa anamwachia jeshi lake amshikie, majoka na yote, na hakuna aliyehesabu akirudi. Hilo alilileta nyumbani kama habari, mara tatu kwa maneno yaleyale. Mara ya tatu nilimwambia, "Umeshanisimulia, mjomba," naye akasema, "Najua." Leo ningemwacha asimulie mara mia.

Kisha yakatangazwa mashindano ya wasio na kitu. Jeshi zima bei yake isizidi bei ya pakiti tano. Majoka yote nje. Mjomba alilisoma tangazo kwenye dirisha la duka, akalisoma tena, akaja nyumbani anatembea upesi mpaka kifua kikambana. Jina la mshindi lingeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa pale dukani, na likae mwaka mzima.

"Ubaoni, mama," aliniambia. "Jina langu kamili, sio la utani."

Sasa nije kwenye soksi. Kadi huvalishwa vifuko vyembamba vya plastiki, mgongo wake mweusi, ili zisichakae na zote zionekane sawa kwa nyuma. Wachezaji wanaviita soksi. Mjomba alivihitaji kuliko wengine kwa sababu ya yule nyuki aliyepauka. Bila soksi angejulikana hata akiwa amelala kifudifudi. Soksi zake zilikuwa kuukuu, alipewa na mtu aliyenunua mpya. Zote zilikuwa zimechoka kwa kiasi kilekile, zimelegea, zimekwaruzika. Wiki ile ya mashindano nikaziona nikaona aibu. Mtu anakwenda kuandikwa ubaoni na jeshi lililovaa matambara!

Nikaenda dukani. Soksi zinauzwa pakiti ya mia. Nikamwomba mama mwenye duka anipimie za rejareja, kama tunavyonunua kila kitu, sabuni kipande, mafuta kikombe. Pesa niliyokuwa nayo ilitosha kumi na moja. Nilifurahi mno hesabu ilivyoangukia. Nikamwambia asimwambie mjomba, nataka kumshtukiza.

Jumamosi asubuhi, mjomba akiwa anaoga, nilifungua kisanduku. Nilikuwa nimeshafundishwa, nilizijua kwa macho: Mizinga minne, Asali nne, Malkia watatu. Nikazivua soksi za zamani, nikazivalisha mpya. Zilikuwa laini, ngumu kidogo pembeni, zinateleza. Nikazichanganya na zile nyingine arobaini na tisa, nikafunga kisanduku, nikampigia pasi shati. Nilijiona mpwa wa maana siku ile.

Alirudi kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa sijamtegemea mpaka jioni. Akaweka kisanduku juu ya kabati, akakaa kitandani, akavua viatu.

"Vipi?"

"Nimefungwa, mama."

"Na nani?"

"Nimefungwa tu." Halafu akauliza, "Barua yako ya stoo bado haijatoka?"

Nilikuwa katika majaribio ya kuwa mtunza stoo ya nguo za hospitali, ninayeshika ufunguo. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kushika ufunguo wa kitu kisicho chake. Zilibaki wiki tatu karani wa utumishi aandike barua ya kunithibitisha. Nikamwambia bado. Akasema vizuri, kazana, na akajilaza akiangalia ukuta.

Jumamosi iliyofuata hakwenda dukani, wala iliyofuata hiyo. Mimi nina mdomo, najijua. Nilimsema. "Umefungwa mara moja tu unasusa? Watu wazima hawasusi. Au jeshi lenyewe lilikuwa la makapi kama walivyosema?" Aliniangalia bila hasira yoyote. Akasema, "Kweli, mama, ni makapi." Nilidhani nimeshinda mabishano.

Barua yangu ikatoka. Mjomba akaushika ule ufunguo, akaupima uzito mkononi, akanirudishia. Miezi minane baada ya yale mashindano kile kifua chake, chenye dawa ya kung'arisha ya miaka ishirini na mbili, kilimmaliza. Nililifua shuka lake la mwisho mwenyewe, kwa maji baridi.

Vitu vyake havikujaza begi. Kisanduku cha nyuki sikujua nikifanyie nini, nikaona bora nikirudishe kule kinakopendwa, pengine kuna mtu wa kulirithi jeshi. Nikaenda Jumamosi mchana. Chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa. Mama mwenye duka akanipa pole, akakiona kisanduku, mkono wake ukarudi nyuma.

"Hizo sizipokei, mwanangu."

"Siuzi, nawapa."

"Hata bure. Hakuna atakayezigusa." Akashusha sauti. "Kwani hakukwambia?"

Akanielekeza kwa kidevu. Ukutani, chini ya ubao wa washindi, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, kichwa chake *Wasioruhusiwa Kucheza*. Ilikuwa na jina moja. Jina lake kamili, sio la utani.

Mama akanivuta pembeni, nyuma ya rafu ya bahasha, akanieleza. Siku ile mjomba alikaa, akachanganya kadi mara moja tu, na vidole vikasimama. Mwenzake alikuwa hajagundua chochote. Mjomba mwenyewe ndiye aliyenyoosha mkono kumwita refa. "Refa, soksi zangu hazifanani, naomba ruhusa nizivue." Refa akaja, akazipapasa, akazitenga, akahesabu kumi na moja. Akazigeuza. Zote ni zile zenye nguvu, wala hapana ua, wala hapana nyuki wa kawaida. Ukiwa na kadi za namna hiyo, unajua kwa kidole tu Malkia yuko wapi. Kwenye mchezo huo hakuna wizi mkubwa kuliko huo.

"Refa akamuuliza, nani amezivalisha? Akasema mimi mwenyewe. Refa akamwambia, mzee, kama ni mtu mwingine alikosea, taja, tutalimaliza hapa. Akasema, jeshi langu napanga mwenyewe."

"Lakini wewe ulijua!" nilimwambia. "Wewe ndiye uliyeniuzia!"

Akavua miwani. Sikuwahi kumwona bila miwani. "Nilijua. Nikafungua mdomo niseme. Akanitazama, akatikisa kichwa. Hivi tu. Nikaufunga."

Nikauliza kwa nini, na kabla sijamaliza kuuliza nikapata jibu, kwa sababu sauti ya refa ilisikika kutoka chumba cha nyuma ikitangaza raundi ya pili, na sauti hiyo naijua. Naisikia kila mwezi. Ni ya karani wa utumishi wa hospitali yetu. Siku za mashindano ndiye refa wa pale.

"Akamwambia mbele ya watu wote," mama aliendelea, "wewe si ndiye yule wa mashuka?"

Mjomba alijua hesabu hiyo. Upande mmoja jina lake, lililokwisha kutiwa doa. Upande wa pili langu, jeupe, zimebaki wiki tatu, na kalamu iko mkononi mwa mtu huyohuyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla mjomba nilikivalisha mimi, nikakipigia na shati pasi. Na nikamwita msusaji. Nililia pale kwenye bahasha mpaka mama akanishika mabega.

Kisha nikaingia chumba cha nyuma. Karani akatabasamu. "Ah, mama stoo! Pole sana kwa msiba."

"Zile soksi niliziweka mimi," nikasema kwa sauti. "Kumi na moja. Nilinunua hapa, rejareja. Mjomba hakujua. Toeni jina lake."

Watu wakatazamana. Mama mwenye duka akasema kutoka mlangoni, "Ni kweli, niliziuza mimi." Karani si mtu mbaya, nasema hivyo na bado simpendi. Alikuna shavu, akasema taratibu, "Marehemu alikiri mwenyewe. Kanuni inafuata kauli ya mchezaji. Sasa nani atakata rufaa?" Halafu, kwa upole uleule: "Na wewe umengoja mpaka uthibitishwe ndiyo useme?"

Nilisema sikujua. Niliisikia sauti yangu inavyosikika. Hata mimi nisingeiamini.

Kumbe ndivyo ilivyo, nilielewa nikiwa nimesimama pale na kisanduku. Ukweli wangu haukumfulia mjomba jina. Ulilileta tu doa na kwangu.

Jumatatu habari zilikuwa zimenitangulia kazini. Ufunguo sikunyang'anywa, sheria hairuhusu. Ila siku hizi mashuka ninayotoa stoo yanahesabiwa mara mbili, mara moja na mimi, mara ya pili na mtu aliyetumwa asimame nyuma yangu. Nikipita wodini na kitoroli, naiona mikoba inavyosogezwa. Karatasi ya dukani bado ipo ukutani. Kisanduku kiko juu ya kabati, nimezivua soksi zote sitini, na yule nyuki aliyepauka ni wa juu kabisa.

Wiki iliyopita nesi mmoja mgeni, aliyelisikia jina kwa wenzake bila kuelezwa kwamba ni la utani, aliniita kutoka mwisho wa wodi, "Mashuka! Kitanda cha kumi na nne!" Wenzake wakainamisha vichwa kwa aibu. Mimi niliitika, nikaenda kukitandika.